Meno ya Dastan

Nyalikungu, Maswa
12 Februari 1995

Mpwa wangu Kwandu,

Marahaba. Barua yako ya Januari imenifikia juzi ikiwa imelowa kona moja, lakini wino haukufutika. Sisi hapa wazima. Mama Winnie analalamikia goti lake na bado anakataa kulipumzisha. Mvua ni nzuri, mpunga mbugani, kule bondeni, umesimama.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama yako Bariadi. Mwanao Dastan anasimama sasa, akishika kiti. Ana meno mawili ya chini na amenitemea uji kwenye koti. Mama yako akacheka: "Huyu kakurithi wewe, kaka. Kinywa kimejaa na bado anataka kuongea." Kwa hiyo utulie. Mtoto yuko mikononi mwa mwanamke aliyewalea ninyi watano.

Unasema huko chuoni moyo unakuchanganya, vyumba vinne na vali zake. Kwandu, wewe umekulia katika boma la ng'ombe. Umeosha matumbo ya mbuzi kila sikukuu tangu ukiwa na miaka saba. Anatomia unaijua, ila uliisoma kwa Kisukuma na hukupewa cheti. Kumbuka moyo wa mbuzi ukiukata: upande mmoja ukuta ni mwembamba, upande wa pili ni mnene, nyama yake ngumu. Ule mwembamba ni wa kulia. Kazi yake ni kusukuma damu hadi kwenye mapafu, na mapafu ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Ule mnene ni wa kushoto, nao unasukuma damu hadi kwenye ukucha wa mguu na kurudi. Anayebeba ndoo hadi mlango wa pili hahitaji mabega. Anayebeba ndoo hadi mwisho wa kijiji utamjua kwa kumtazama tu. Kila ukichanganyikiwa, shika moyo ule mkononi, halafu uandike jibu.

Mjomba wako,
Fredrick Machibya


Songea
9 Machi 1995

Mjomba, shikamoo,

Mimi mzima, baridi tu ya huku ndiyo inanionea. Msalimie Mama Winnie, mwambie goti ni kiungo cha bawaba na bawaba haitaki matusi.

Moyo nimeuelewa. Mkufunzi aliuliza kwa nini ukuta wa kushoto ni mnene, darasa zima kimya, nikasimama nikajibu kwa mbuzi wako. Walicheka, lakini nilipata alama. Hapa tuna mifupa ya mtu mzima imening'inizwa kwa waya. Tumeipa jina Bwana Afya. Sista Felisita, mlezi wetu, alitusikia tukimwamkia Bwana Afya asubuhi. Tulidhani atatufukuza, kumbe naye akamwamkia.

Mjomba, mitihani ya mwisho wa mwaka ni nusu ya pili ya Juni. Anayefeli somo hili la anatomia hapewi nafasi ya pili, anarudi kwao. Usiache kuniandikia.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Maziwa yangu yalikauka mwezi wa kwanza. Kwa majuma mawili nilikuwa nalala na kanga nimeikunja kifuani. Halafu asubuhi moja pakawa pakavu. Juzi tumefika kwenye homoni, mkufunzi akaeleza kwamba mtoto asiponyonya, ubongo unaacha kuagiza maziwa. Nikaandika kwenye daftari kama wenzangu.

Mwambie mama maji ya Dastan yachemke kwanza. Najua ataniita msomi. Aniite tu.

Mpwa wako,
Kwandu


Nyalikungu, Maswa
2 Aprili 1995

Mpwa wangu Kwandu,

Marahaba. Goti limesikia ujumbe wako, bado halijatii.

Sipendi kukuficha. Mama yako ametuma salamu kwamba Dastan anaharisha tangu katikati ya wiki na ana joto. Nimempa utingo wa basi la Bariadi pakiti za chumvi na sukari, pamoja na maelezo ambayo jirani atamsomea mama yako. Jumamosi nitakwenda mwenyewe. Huenda ukisoma hapa mtoto ameshapona na anatemea watu wengine uji.

Hata hivyo nikueleze, maana utaletewa watoto wengi wa namna hii maisha yako yote. Chakula kikimaliza kazi katika utumbo mwembamba, kinaingia utumbo mpana kikiwa kama uji mwepesi. Utumbo mpana ni mnyimivu. Unavuta maji hayo na kuyarudisha mwilini, tone kwa tone, hata kinachobaki kinakuwa kigumu. Utumbo ukiugua, uvutaji huo unashindwa na maji yanapita moja kwa moja. Kinachomuua mtoto si kinyesi chenyewe. Ni maji aliyoyapoteza, na chumvi iliyokwenda nayo. Ndiyo maana tunampa maji zaidi, yenye chumvi kidogo na sukari, kwa sababu sukari huishika chumvi mkono ikaingia nayo ndani, na maji yanafuata. Wazee wanaona ni wazimu kummwagia maji mtoto anayetoa maji. Inabidi uwaeleze kwa upole, na mara nyingi.

Mjomba wako,
Fredrick Machibya


Songea
20 Aprili 1995

Mjomba, shikamoo,

Barua yako imefika leo. Sijala. Nahesabu kwamba Jumamosi uliyoandika imeshapita, kwa hiyo wewe unajua na mimi sijui.

Amepona? Niandikie hata mstari mmoja. Kama amekonda, andika amekonda. Nimesoma maneno yako kuhusu maji hadi nimeyakariri, na Sista Felisita ameniombea.

Mpwa wako,
Kwandu


Nyalikungu, Maswa
14 Mei 1995

Mpwa wangu Kwandu,

Marahaba. Unisamehe kwa kuchelewa. Pamba imeanza kupasuka, na mwaka huu watu wamechanganyikiwa. Wanunuzi binafsi wamekuja na mizani yao, wengine hata majina hatuyajui, na kila mmoja anasema chama cha ushirika kimekufa. Vijana wanafurahi. Sisi wazee tunasimama pembeni tukitazama malori.

Kwa mama yako nilifika. Nilimkuta, anakusalimu. Usimwandikie kwa sasa. Niandikie mimi.

Leo nataka ujue habari ya damu. Damu ikitoka kwenye jeraha, chembe sahani hukimbilia pale na kung'ang'ania ukingo, kisha nyuzi nyembamba husukwa juu yake kama wavu, na damu huganda. Ni kazi ya ajabu, inafanyika bila mtu kuiagiza. Lakini wavu huo hushindwa mahali penye mate na penye kuguswaguswa, kama mdomoni. Ulimi haupumzi. Tena mtu mzima ana damu lita tano, akipoteza kikombe ataketi kidogo na kuendelea. Mtoto wa kilo nane, damu yake yote ni kiasi cha chupa mbili za soda. Kikombe kwake si kikombe. Na kama mtoto huyo alishapoteza maji mengi, basi hata hicho kilichobaki ni kizito na hakitoshi, na moyo unakimbia kuzungusha kitu ambacho hakipo.

Soma sana. Usiwaze ya nyumbani hadi umalize mitihani.

Mjomba wako,
Fredrick Machibya


Songea
6 Juni 1995

Mjomba, shikamoo,

Sikuomba somo la damu. Sisi tuko kwenye figo.

Umenifundisha tangu nikiwa darasa la tatu. Hujawahi kunipa somo kabla sijauliza. Na hujawahi kuniandikia kurasa mbili bila kumtaja Dastan. Kadi yake ya kliniki, siku niliyoondoka, iliandikwa kilo nane.

Mjomba, kwa nini jeraha liko mdomoni?

Naandika mitihani kuanzia tarehe 19. Nitaiandika yote. Ukinijibu nitaiandika, usiponijibu nitaiandika. Lakini usiniletee tena mtoto asiye na jina.

Kwandu


Nyalikungu, Maswa
20 Juni 1995

Kwandu, mwanangu,

Barua hii nimeituma kwa Sista Felisita, ndani ya bahasha yake. Nimemwomba aishike hadi umalize karatasi ya mwisho, kisha aketi nawe ukiisoma. Kwetu habari kama hii haitumwi kwa karatasi. Mtu hutumwa, akafika, akakaa, akanywa maji, ndipo akasema. Sina mtu wa kumtuma Songea. Namwomba Sista awe mtu huyo.

Dastan amefariki. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, tarehe 9 Aprili, kabla ya jua kuwa kali. Amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na babu yako Machibya.

Sasa nikueleze, kwa sababu utataka kujua, na mimi nisingependa uisikie njiani kutoka kwa mtu anayeongeza chumvi.

Nilifika Jumamosi saa sita mchana. Taya la mtoto lilikuwa limevimba, mikono yake baridi, macho yameingia ndani. Kanga ya mama yako ilikuwa na damu kavu. Nikauliza, "Milembe, amefanywa nini?"

Akaniambia, "Tumemtoa meno ya plastiki, kaka. Juzi."

Unayajua maneno hayo, yameingia kwetu miaka hii michache. Mtoto akiharisha na kuwa na joto, jirani anamfunua mdomo, anaona fizi imetuna pale juu panapokaa chonge, anasema ndiyo hayo, meno ya plastiki, yasipotolewa yatamuua. Kuna mwanamke kijiji cha pili anayafanya hayo kwa njiti ya baiskeli iliyonolewa. Alimpasua Dastan fizi pande zote mbili akatoa vitu viwili vyeupe, laini, akavionyesha kwenye kisahani. Mama yako alivitunza ili anionyeshe. Alikuwa na uhakika nitamsifu.

Nikamuuliza, "Na zile pakiti nilizokutumia?"

"Zilifika. Lakini kaka, mtoto anatoa maji wewe unasema niongeze maji. Na chumvi ingeng'oa plastiki?"

"Hospitali je?"

"Hospitali ya siku hizi unaenda na glavu zako na sindano yako, na dripu ukanunue dukani. Yule mama alitaka kuku tu."

Nilimbeba mtoto, tukapata gari la mnunuzi wa pamba aliyekuwa anakagua vituo, akatufikisha. Walimwekea dripu usiku kucha. Muuguzi mmoja kijana alitafuta mshipa hadi kichwani, alikuwa mpole sana. Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Dastan alinishika kidole hiki cha shahada hadi karibu na mwisho.

Baada ya mazishi tulikaa, ndugu wote. Mama yako akapiga magoti mbele yangu, mimi kaka yake, akasema, "Usimwandikie. Akijua ataacha shule. Nitakuwa nimemnyang'anya vyote viwili." Wote wakakubali. Na mimi nikakubali. Nilipoketi kukuandikia mwezi Mei nilikusudia kueleza figo. Mkono ukaandika damu.

Sikuombi chochote, wala jibu.

Mjomba wako,
Fredrick Machibya


Nyalikungu, Maswa
30 Julai 1995

Kwandu, mwanangu,

Sista Felisita ameniandikia kwamba ulisoma, kwamba hukulia mbele yake, na kwamba siku ya pili uliomba kufanya kazi wodi ya watoto wakati wenzako wanafunga mizigo ya likizo. Anasema unakula kidogo.

Sina somo.

Lipo jambo moja unapaswa kulijua. Mama yako ameondoka nyumbani. Alisikia kwamba mitihani imekwisha na kwamba umeambiwa. Asubuhi akafunga mlango, akampa jirani kuku wake, akapanda gari la Lamadi kwa mdogo wetu Mhoja. Alimwambia jirani, "Mtoto wangu akija, asinikute. Nitamtazama kwa macho yapi?" Nimemtumia ujumbe mara mbili arudi. Anajibu kwamba ana kazi ya kuanika dagaa.

Niandikie neno moja tu, hata la hasira.

Mjomba wako,
Fredrick Machibya


Songea
27 Agosti 1995

Mjomba, shikamoo,

Nimefaulu. Anatomia na Fiziolojia nimekuwa wa pili.

Nilikuwa na hasira na wewe, na bado ninayo kidogo, pale panapohusu mwezi wa nne hadi wa sita. Nilikuwa nacheka na Bwana Afya wakati mwanangu yuko chini. Nilimnunulia kofia. Siwezi kukuandikia zaidi ya hapo kwa leo.

Hapo chini ni barua ya mama. Nenda Lamadi umsomee, kwa Kisukuma, neno kwa neno. Usilainishe kitu. Usiongeze kitu.

*Mayu,*

*Mwangaluka. Mimi Kwandu.*

*Wiki hii wodini ameletwa mtoto wa kike, amepasuliwa fizi kama Dastan. Kumbe na huku wanayo. Bibi yake alimleta mwenyewe, amemfunga mgongoni, na ndani ya leso amefunga vile vitu viwili vyeupe. Nilivishika, Mayu. Nikaviosha na kuviweka kwenye kiganja changu, nikavitazama kwa muda mrefu.*

*Ni meno. Si plastiki. Ni chonge za mtoto, zile za juu, zinazokaa kando ya meno ya mbele. Kila mtoto anazaliwa akiwa nazo ndani ya fizi, hata wewe, hata mimi. Zinaanza laini kama ute wa yai uliochemshwa, kisha polepole zinapata ugumu. Fizi inatuna kwa sababu jino liko chini yake linajengwa. Yale uliyoyaona kwenye kisahani yalikuwa meno yake.*

*Nimekasirika. Nisikudanganye. Kuna siku nakuchukia tangu asubuhi hadi nikilala. Halafu namwona yule bibi wa wodini, alivyokaa chini ya kitanda na leso yake, anangoja mtu amwambie amefanya vizuri. Hakuna aliyemwambia neno baya. Na mimi sikumwambia. Nilimfundisha kuchanganya maji na chumvi na sukari, tukampa mtoto kijiko kwa kijiko. Mtoto yule amepona.*

*Sijui nitafanya nini nikikuona. Huenda nikanyamaza siku nzima. Lakini nyumba yenye kaburi la mwanangu usiifunge mlango. Rudi, Mayu. Nataka nikija nimkute mtu.*

Ni hayo, Mjomba.

Kwandu


Nyalikungu, Maswa
15 Oktoba 1995

Kwandu, mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa kufaulu. Mama Winnie alipiga vigelegele peke yake jikoni.

Nilikwenda Lamadi Jumatano. Nyumba ya Mhoja iko mita chache kutoka barabara kuu, na majuma haya ya uchaguzi magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti. Nilimkuta mama yako ameinama juu ya dagaa, anageuza kwa ufagio. Amekonda. Aliponiona hakuacha kufagia.

"Umekuja kunichukua, kaka?"

"Nimekuja kukusomea."

"Ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akauweka ufagio chini, akafuta mikono, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mhoja akataka kukaa nasi, mama yako akamwambia, "Wewe nenda. Hii yangu." Nikasoma kwa Kisukuma, kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye kiganja chako likapita gari la kampeni linapiga muziki, chama gani sikutazama, ikabidi ningoje. Mama yako alinyoosha mkono hewani kama mtu anayezuia ng'ombe, hadi lilipokwisha. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Uliposema "yalikuwa meno yake" alitia kidole mdomoni mwake, akagusa chonge yake ya juu, kushoto, halafu kulia. Pale uliposema unamchukia, nilimtazama ili nijue kama nisimame. Akasema, "Soma. Ana haki."

Nilipomaliza akauliza, "Kaka, wewe ndiye uliyefundisha mambo haya. Hayo meno, kama nisingemgusa, yangetoka lini?"

Kwandu, jibu ninalijua, na wewe unalijua. Mtoto aliyezaliwa Mei mwaka jana, chonge zake zingekuwa zinachungulia sasa. Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao sikuwahi kumnyima mtu jibu nililokuwa nalo.

Nikasema, "Sijui, Milembe."

"Wewe? Hujui?"

"Sijui."

Akanitazama, nadhani aliona kwamba najua. Akainuka, akajikung'uta magamba kwenye kanga. "Kwandu atakuwa anajua," akasema. "Nitamuuliza yeye." Akaingia ndani kufunga mzigo wake.

Tumerudi naye Ijumaa. Amefungua nyumba, amepalilia kule nyuma, kuku wake amewachukua kwa jirani. Ananiuliza likizo yenu ya Desemba inaanza tarehe ngapi, anataka kukungoja pale basi linaposimama.

Atakuuliza, mwanangu. Pengine siku ile ile, kabla hujatua begi. Nimefikiri njiani kote utamjibu nini, na sina la kukufundisha.

Mjomba wako,
Fredrick Machibya